Mstari wa Marehemu Jumaly

Kila asubuhi ya majira ya baridi, Zuurakan alishuka mtoni na shoka. Kwanza alivunja barafu, kisha akachota maji. Alibeba ndoo mbili kwa mti begani, akapanda mlima robo saa nzima hadi nyumbani. Bomba la kijiji cha Boz-Archa lilikuwa limekauka kwa majira mawili ya baridi mfululizo. Koki zilikuwepo, zimesimama kando ya barabara zikiwa zimevaa kofia za theluji, lakini hazikutoa hata tone.

Zuurakan alikuwa na miaka arobaini na minne. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mazulia ya manyoya ya kondoo, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi. Aliishi na mumewe Sadyr na mama mkwe wake, Uulkan, ambaye miguu ilikuwa imemwishia. Kwa miaka miwili alinung'unika juu ya maji kama wenzake. Mwaka wa tatu alichoka kunung'unika, akagombea kiti cha kijiji katika baraza la tarafa.

Wagombea waliojiandikisha walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa Ormon, mwenye malori, aliyekikalia kiti hicho miaka minne. Wa pili alikuwa Tynar, fundi wa matrekta. Wa tatu alikuwa mzee Jumaly, mfuga nyuki. Zuurakan alikuwa wa nne, wa mwisho. Wiki tatu kabla ya uchaguzi, mzee Jumaly alifariki. Walimzika kilimani, na karatasi za kura zikachapishwa upya bila jina lake. Baada ya hapo hakuna aliyeliwaza tena jambo hilo.

Siku ya uchaguzi watu walipanga foleni shuleni. Pale darasani palikuwa na mashine nyeusi, kubwa kama sanduku la bibi harusi, yenye mdomo mwembamba juu. Mtu aliweka alama kwenye karatasi yake, akaitia mdomoni mwa mashine. Mashine iliivuta polepole, kama ndama anavyovuta jani mkononi mwa mtu, kisha taa ya kijani ikawaka. Zuurakan aliweka alama kwenye jina lake, mstari wa tatu, chini kabisa. Taa ikawaka. Akatoka nje akiwa na moyo mwepesi.

Kesho yake asubuhi Sadyr alirudi kutoka zizini, hata kondoo hakuwa amemaliza kuwalisha. Uso wake ulikuwa hauna rangi. Alimwambia mkewe aende mwenyewe akasome karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa shule.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Zuurakan alitembea akiona hatua tano tu mbele yake. Mlangoni pa shule palikuwa na karatasi ndefu na nyembamba iliyotoka kwenye mashine. Alisoma: Ormon, mia na thelathini na tisa. Tynar, sitini na moja. Zuurakan, sufuri.

Alisoma tena. Akavua glavu, akasugua karatasi kwa kidole gumba, akidhani labda tarakimu nyingine imefunikwa na jalidi. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa sufuri safi, duara kama kisima.

Alipogeuka, watu sita au saba walikuwa wamesimama nyuma yake kwenye ukungu. Hakuwasikia wakija. Walimpisha kama watu wanavyompisha mfiwa.

Njiani kurudi nyumbani alisikia hatua zikija. Sauti ya mwanamke ikasema, "Nilikupigia kura, eje." Watu wadogo kwa umri walimwita hivyo, eje, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Kabla hajaona ni nani, hatua zilishapita. Mbele kidogo, sauti nyingine, ya mwanamume, ikasema maneno yale yale. Penye daraja akaisikia ya tatu. Walisema kwa sauti ya chini, kisha wakapotelea kwenye weupe. Zuurakan hakuweza kujua ni watu kumi waliompita, au ni wawili wanaozunguka.

Ukungu ule ulikaa siku nne. Barabara ya kwenda wilayani ilifungwa. Popote Zuurakan alipokwenda, maneno yale yalimfuata. Mwenye duka aliyasema bila kumtazama usoni. Mwanamke aliyekuwa akivunja barafu mtoni aliyasema, halafu akainama haraka. Basi Zuurakan akaanza kuwaza. Kama wote wananiambia kweli, kura zao zimekwenda wapi? Kama wote wananidanganya, naishi na watu gani?

Na kulikuwa na wazo moja baya zaidi. Yeye mwenyewe alijipigia kura. Aliikumbuka taa ya kijani. Lakini karatasi ilisema sufuri, wala haikusema moja. Usingizini aliuona mkono wake ukiweka alama, na kila mara alama ilikuwa mahali pengine. Alianza kujitazama kwenye kioo mara nyingi kuliko kawaida, kama mtu anayehakikisha kwamba bado yupo.

Siku ya pili, wakinywa chai, alimuuliza mumewe.

"Sadyr, uliweka alama wapi?"

Sadyr aliweka bakuli chini.

"Miaka ishirini na mbili," alisema, "na leo unaniuliza hivyo."

Alivaa kofia yake akaenda zizini. Tangu hapo nyumba ile ikawa kimya. Watu watatu walikula sahani moja, na kilichosikika ni kijiko tu.

Mama mkwe aliona yote kutoka kitandani pake. Siku ya kura walikuwa wamempeleka shuleni kwa sleji ya kubebea nyasi, inayoteleza juu ya theluji, akapiga kura kama wengine. Alimwita Zuurakan karibu. Alichukua kipande cha mkate, akakizungusha juu ya kichwa cha mkwewe mara tatu, akiliita jina lake polepole kila mara. Hivyo ndivyo walivyomfanyia mtoto aliyeshtuka, ili roho yake irudi. Mwili wa Zuurakan ulisisimka. Alijiona kweli kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Mimi nilikuchagua," bibi alisema. "Kama mimi sikuhesabiwa, basi humu ndani hamna mtu hata mmoja."

Jioni ile Zuurakan alipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Msimamizi wake alikuwa Salamat, jirani yake, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Salamat aliwahi kuwa karani wa kituo cha kura mara mbili, kabla mashine hazijaja na baada ya kuja. Alipima maziwa, akaandika, kisha akafunga mlango ili baridi isiingie.

"Eje, ile karatasi ya mlangoni uliisoma yote," aliuliza, "au ulisoma sufuri tu?"

Zuurakan alikiri kwamba alisoma sufuri tu. Alipoiona hiyo, macho hayakwenda tena chini.

"Chini yake pana mstari mwingine. Kura zilizoharibika, mia na thelathini na saba. Uchaguzi uliopita ziliharibika nane. Kijiji kizima kimesahau kuandika alama kwa siku moja?"

Zuurakan hakuelewa. Salamat akaigonga mizani yake ya umeme kwa kidole. Alimweleza kwamba mwaka jana mizani ile ilimpunja kila mtu lita mbili, wiki nzima. Watu walisema Salamat ni mwizi. Wengine walisema mizani imerogwa. Kumbe fundi alikuwa ameiambia kwamba kopo la kutilia maziwa ni zito kuliko lilivyo. Mizani ilitii ilichoambiwa. Walijuaje? Walichukua kipimo cha zamani cha bati, wakapima upya lita kwa lita.

"Mashine ya kura ni hivyo hivyo," alisema. "Haisomi majina. Inatazama alama iko mahali gani, halafu inafuata orodha iliyotiwa ndani yake. Orodha ikiwa na kosa, itakosea vile vile kutwa nzima, na taa ya kijani itawaka kila mara."

"Sasa kura zangu zimeliwa?"

"Hazijaliwa. Mashine ile ina sanduku chini yake. Kila karatasi iliyomezwa imo humo. Zitolewe, zihesabiwe kwa mkono, mbele ya watu."

Zuurakan aliuliza kilichokuwa kikimtia hofu kuliko yote. Je, wakifungua, itajulikana nani alimchagua nani? Salamat akasema hapana. Karatasi ya kura haina jina la mpigaji. Kuhesabu upya hakufichui siri ya mtu. Kunahesabu karatasi tu. Tena akamwambia kwamba kuomba kuhesabu upya si kumwita mtu mwizi, ni haki ya mgombea. Lakini haki hiyo ina muda wake. Malalamiko lazima yaandikwe ndani ya siku tatu tangu matokeo kubandikwa. Siku mbili zilikuwa zimeshapita.

Walikaa juu ya ndoo zilizofudikizwa, wakaandika. Barua ilikuwa fupi. Ilitaja jina la kituo, tarehe, hesabu zote nne zilizobandikwa, na ombi moja: sanduku lifunguliwe, kura zihesabiwe kwa mkono. Zuurakan alitia sahihi. Waliandika nakala mbili, ili moja igongwe muhuri wa kupokelewa naye aondoke nayo.

Asubuhi ya siku ya tatu walimpelekea Turat. Huyu alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, na ndiye msimamizi wa kituo cha kura. Aliisoma barua akiwa amesimama. Alisema mashine ile haina shangazi wala mjomba, haimpendelei mtu.

"Haina shangazi," Salamat alisema, akimwita kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "lakini ina aliyeilisha orodha. Baike, usiku ule mlifungua sanduku mkahesabu kwa mkono kabla ya kutia sahihi? Nilipokuwa karani tuliagizwa kufanya hivyo kila mara."

Turat alisema kwamba umeme ulikuwa unakatika, theluji ilikuwa inaanguka, na wajumbe walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Mashine ilikuwa imeshatoa hesabu. Walitia sahihi wakaenda nyumbani.

Wakati wanasema hayo, mtu alitokea kwenye ukungu akasimama mlangoni. Alikuwa Ormon, mshindi. Zuurakan alidhani amekuja kucheka. Lakini Ormon alikuwa amekonda usoni kwa siku tatu. Aliwaeleza kwamba watu wanamsalimu wakitazama vifungo vya koti lake badala ya macho. Alikuwa ameweka meza ya sherehe kwa watu arobaini, wakaja wanne, nao walikula haraka wakaondoka. Kila anapopita, mazungumzo yanakatika.

"Nimeshinda, na nimekuwa kama mtu aliyemeza kisu," alisema. "Sikuiba chochote. Lakini nitawaonyesha nini? Mwalimu, pokea barua ya huyu mama. Na mimi nataka sanduku lifunguliwe."

Turat aliipokea barua, akaigonga muhuri, akapiga simu wilayani.

Siku ya tano ukungu ulitoka na barabara ikafunguliwa. Ofisa wa tume ya wilaya alifika na gari kuukuu, akiwa na fundi mmoja. Mashine ilikuwa imefungiwa kwenye ghala la shule, imefunikwa shuka jeupe. Watu wapatao sitini walijazana kwenye ujia. Ghala lile lilikuwa baridi kuliko nje. Ofisa alipoinua shuka, taa ndogo ya mashine ilikuwa bado inapepesa, siku tano baada ya kazi kwisha. Mwanamke mmoja alirudi nyuma.

Fundi alisema ni betri tu.

Ofisa hakufungua chochote kabla ya kuonyesha lakiri iliyofunga sanduku la kura. Alisoma namba ya lakiri kwa sauti. Turat akasoma namba iliyoandikwa kwenye fomu ya usiku ule. Zililingana. Aliwaita wawakilishi wa wagombea wote watatu waitazame lakiri kwa macho na kuishika, wakaridhika kwamba haijakatwa. Ndipo akaikata. Walibeba sanduku hadi darasani, wakamwaga karatasi juu ya meza nne zilizounganishwa.

Kwanza walihesabu karatasi zote. Zilikuwa mia tatu thelathini na saba, sawa na sahihi za wapiga kura kwenye daftari. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. Kisha ofisa akainua karatasi ya kwanza juu, upande wenye alama ukiwatazama watu, akasoma jina.

"Ormon."

Ya pili ilikuwa ya Tynar. Ya tatu aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Alama ilikuwa nzuri, imekaa katikati ya kisanduku, wala haikuharibika popote.

"Zuurakan."

Sauti ya ofisa ikaendelea, na jina lile likarudi, likarudi tena. Zuurakan alisimama karibu na dirisha akiwa ameushika ukingo wa meza. Kila jina lake liliposomwa alihisi kama mtu anamwekea jiwe dogo mfukoni, naye anapata uzito, anashuka, miguu inagusa sakafu. Katikati ya hesabu aliiona karatasi moja ambayo alama yake ilikuwa na mkia mdogo, kwa sababu mkono wa aliyeichora ulikuwa wa kizee. Aliijua.

Hesabu ilichukua saa moja na nusu. Ormon, mia na thelathini na tisa. Tynar, sitini na moja. Zuurakan, mia na ishirini na sita. Zilizoharibika kweli zilikuwa kumi na moja.

Ofisa alimwambia fundi aitoe orodha iliyomo ndani ya mashine. Fundi alibonyeza, akasubiri, akasoma kwenye kioo kidogo. Mstari wa kwanza, Ormon. Mstari wa pili, Tynar. Mstari wa tatu, akasita.

"Jumaly," alisema. "Umefungwa. Mstari wa nne, Zuurakan."

Ikawa wazi. Karatasi zilichapishwa upya baada ya mzee kufa, na Zuurakan akapanda hadi mstari wa tatu. Lakini kwenye mashine hakuna aliyempandisha. Waliufunga tu mstari wa marehemu na kuuacha palepale. Kila mtu aliyemchagua Zuurakan, mashine iliona alama kwenye mstari wa mtu asiyekuwepo, ikaandika kwamba kura imeharibika. Mstari wa nne, wenye jina la Zuurakan, ulikaa mtupu kutwa nzima.

Mzee mmoja alipitisha viganja usoni kumwombea Jumaly. Turat alikaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakimfikia kifuani. Alisema mbele ya watu wote kwamba kosa la orodha si lake, lakini kosa la kutofungua sanduku usiku ule ni lake.

Ofisa aliandika matokeo mapya, wawakilishi wakatia sahihi, karatasi ikabandikwa mlangoni palepale. Ormon alikuwa ameshinda, kwa tofauti ya kura kumi na tatu. Alimjia Zuurakan, akampa mkono, na watu wakamtazama machoni.

Nje Sadyr alikuwa amesimama karibu na uzio. Zuurakan alimwendea.

"Nisamehe kwa swali lile," alisema.

Sadyr alichora theluji kwa ncha ya kiatu.

"Na wewe nisamehe. Siku ya pili nilianza kujiuliza mwenyewe kama nilikuchagua kweli."

Walirudi pamoja. Watu waliwasalimu njiani, na safari hii nyuso zilionekana. Nyumbani, Uulkan alikuwa ameinuka kitandani, anasubiri.

"Nimeshindwa, apa," Zuurakan alimwambia, akimwita mama kama siku zote. "Nina kura mia na ishirini na sita." Alisema kama mtu anayetaja uzito wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Ormon alikuwa ameziona karatasi zile zikipita mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine, na alijua zilikuwa zinaomba maji. Theluji ilipoyeyuka alileta lori la mabomba, na Zuurakan akachaguliwa kwenye kamati ya maji. Mwezi wa Mei koki ya kwanza ilikohoa, ikatema kutu, kisha maji.

Vuli iliyofuata kulikuwa na uchaguzi mwingine, si wa kiti kile. Asubuhi, kabla ya mtu kupiga kura, Turat alitia karatasi chache za majaribio, mstari kwa mstari, mbele ya mashahidi, akahakikisha kila jina limepata chake. Kisha akafuta hesabu ya majaribio na kutoa karatasi zake, mashine ikaanza upya kutoka sufuri. Jioni umeme ulikatika tena. Turat aliwasha taa ya betri, akafungua sanduku, akainua karatasi ya kwanza. Watu walikaa kwenye madawati wakiwa na makoti yao. Zuurakan alikuwa benchi la mbele, miongoni mwa waangalizi. Mwishowe hesabu ya mkono ilikuwa mia tatu na kumi na mbili, na ya mashine mia tatu na kumi na mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Walivaa kofia zao, wakaenda kula.